Kuruti Simu na Kubadili Mipangilio Yake ya Ndani: Anza na Njia ya Kurudi

Mvuvi wa Kibirizi hata akinunua injini mpya kabisa, kafi halitoki mtumbwini. Haidharau injini yake. Anajua tu kwamba katikati ya Ziwa Tanganyika hakuna pa kuegesha ukasubiri fundi. Nimeanzia ziwani kwa sababu simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, zikiwa zimeganda kwenye nembo, hazikuuawa na kuruti kwenyewe, yaani kujipa mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo wa simu. Mwenyewe alishika safari bila kafi: hakuweka nakala ya faili la awali, hakuangalia namba ya toleo, akafuata video ya simu inayofanana na yake.

Na mimi ni mmoja wao. Simu ya kwanza niliyoruti ilikuwa yangu, na faili nilichukua kwa mtu mwenye simu ya jina lilelile, rangi ileile. Toleo la mfumo lilitofautiana kwa tarakimu mbili za mwisho. Nilikaa wiki mbili na kiswaswadu cha kukopa, nikitafuta faili sahihi kwa bando la usiku. Kwa hiyo mwongozo huu utakuchosha kidogo kwa habari za kurudi kabla haujafika kwenye habari za kwenda. Vumilia.

Namba 0

Android imejengwa juu ya keneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux, na Linux humpa kila mtumiaji namba. Kwenye simu, "watumiaji" hao ni programu zenyewe. Kila programu unayosakinisha hupewa namba yake kuanzia 10000 kwenda juu, na kila moja hufungiwa chumba chake: WhatsApp haiwezi kufungua droo za programu ya benki. Mfumo wenyewe una namba 1000. Amri zinazotoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB hupewa namba 2000, zenye uwezo wa wastani. Halafu kuna namba 0, anayeitwa root, yaani mzizi. Huyu hana mlango uliofungwa kwake. Anasoma faili lolote, anafuta chochote, anabadili hata mambo ambayo kiwanda hakukuwekea kitufe.

Kuruti ni kupata njia ya kuamuru kama namba 0. Simu haiongezewi RAM wala haigeuki kuwa mpya. Umepewa funguo za chumba cha injini, basi.

Zamani ilikuwa rahisi kiajabu. Ulipakua programu moja, ukabonyeza kitufe kimoja, ikatumia tundu la usalama kuingia. Hizo za kitufe kimoja ziepuke leo. Kwenye simu za sasa nyingi hazifanyi kazi, na zile zinazodai kufanya kazi zinataka uzikabidhi namba 0 bila kujua zitaitumiaje. Njia inayotumika sana sasa ni Magisk, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016. Ufundi wake ni kwamba haigusi sehemu ya mfumo. Inabandika mabadiliko kwenye sehemu ya kuwashia tu, kisha simu ikiwaka inatandika mabadiliko yako juu ya mfumo kama mkeka juu ya sakafu. Ukikunja mkeka, sakafu iko vilevile. Tangu Android 10 hilo limekuwa la lazima zaidi, maana sehemu ya mfumo kwenye simu nyingi mpya haikubali kuandikwa hata na root.

Je, unahitaji kweli?

Hapa ndipo ninapopoteza wateja, lakini acha niseme. Nusu ya wanaokuja kutaka kurutiwa wanataka vitu visivyohitaji root hata kidogo. Wanataka kuondoa programu za kiwandani zinazojaza matangazo, au simu iache kujivuta ikifungua kurasa, au maandishi yawe madogo ili kioo kibebe mengi. Yote hayo namba 2000 anayaweza, butiloda (programu inayoamka kwanza simu ikiwashwa) ikiwa imefungwa, waranti ikiwa hai, na programu za benki zikiwa hazina habari.

Unahitaji kompyuta na furushi dogo la Google liitwalo platform-tools, lenye adb na fastboot ndani yake, programu mbili za kuiamuru simu kupitia waya. Kwenye simu ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7. Kama simu iko kwa Kiingereza tafuta Build number. Menyu mpya ya wasanidi programu itajitokeza. Ndani yake washa utatuaji wa USB. Chomeka waya, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika:

adb devices

Ikijibu kwa namba ndefu na neno unauthorized, angalia kioo cha simu. Kuna swali linakusubiri, likubali. Isipojibu chochote, kabla hujalaumu kompyuta badili waya. Nyaya nyingi za bei ya chee tunazonunua sokoni zina nyuzi za chaji tu, za data hazimo. Nimewahi kumaliza asubuhi nzima nikisakinisha draiva kwa sababu ya waya wa aina hiyo.

Kupunguza muda wa miondoko ya kioo ili simu ionekane nyepesi:

adb shell settings put global window_animation_scale 0.5
adb shell settings put global transition_animation_scale 0.5
adb shell settings put global animator_duration_scale 0.5

Kubadili ukubwa wa kila kitu kiooni, kwanza uliza thamani ya sasa kwa adb shell wm density, iandike pembeni, kisha ipunguze kidogo kidogo, tuseme kutoka 320 hadi 290. Ikiharibika, adb shell wm density reset inarudisha.

Kuondoa programu ya kiwandani, orodhesha kwa adb shell pm list packages, tambua jina lake, kisha:

adb shell pm uninstall -k --user 0 jina.la.programu

Programu haifutwi kiwandani, inaondolewa kwako tu. Ndiyo maana inaweza kurudi:

adb shell cmd package install-existing jina.la.programu

Usiondoe kitu ambacho hujui kazi yake. Jina likiwa na maneno systemui, telephony au providers, liache.

Kama haja yako imeishia hapo, funga kompyuta, nenda kale mgebuka. Kama unataka kudhibiti chaji, kufunga bando kwa kila programu, kubadili tabia za keneli au kuongeza ngazi za sauti, tuendelee.

Kukusanya vifaa, na kafi

Tumia laptopu yenye betri inayokaa. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na mazoea ya kuulizana "upo?" hayajatutoka. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kuandika sehemu ya kuwashia, simu inabaki na faili nusu. Simu nayo iwe na chaji zaidi ya nusu.

Hamisha kila kitu chako: picha, namba, mazungumzo ya WhatsApp, noti. Kufungua butiloda kunafuta simu yote, bila huruma na bila kuuliza mara ya pili. Toa kadi ya kumbukumbu. Toka kwenye akaunti ya Google kama huikumbuki nenosiri, la sivyo simu ikiwaka upya itakudai.

Sasa kafi lenyewe. Kwenye Kuhusu simu, piga picha Nambari ya muundo yote, mpaka herufi ya mwisho. Tafuta mfumo kamili wa kiwandani wa simu yako wenye namba hiyohiyo. Google huweka ya Pixel hadharani, Xiaomi pia mifumo yao ya fastboot inapatikana. Kwa Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mitaani kwetu na zote ni za Transsion, utatafuta zaidi, na ukiipata uhakikishe mara mbili kwamba toleo ni lako. Faili linaweza kuzidi GB 3, kwa hiyo panga bando. Usichukue toleo la zamani kuliko lililomo kwenye simu: baadhi ya simu zina ulinzi dhidi ya kurudi nyuma, na ukiulazimisha unabaki na tofali.

Ndani ya furushi hilo utakuta boot.img, yaani faili la sehemu ya kuwashia. Kama kuna na init_boot.img, ambayo huwa kwenye simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, basi hiyo ndiyo utakayoifanyia kazi badala ya boot.img. Nakili mafaili yote mawili pamoja na vbmeta.img, faili la ukaguzi wa sahihi za mfumo, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Mpaka hayo yawe mkononi, usiguse hatua inayofuata. Hujayapata? Simu yako bado si ya kuruti.

Kufungua butiloda

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kazi yake ni kukagua kama mfumo una sahihi ya kiwanda kabla ya kuuruhusu kuwaka. Ikiwa imefungwa, faili lolote lililobadilishwa itazuia.

Kwenye menyu ya wasanidi programu washa Ufunguaji wa OEM. Kwenye simu nyingine kitufe hicho hakishikiki mpaka uwashe data kwanza. Kisha:

adb reboot bootloader
fastboot devices
fastboot flashing unlock

Simu itakuuliza kiooni. Kwa nyingi unakubali kwa kitufe cha kuongeza sauti. Itajifuta na kuwaka upya. Kwenye simu zenye prosesa ya MediaTek kila ukiwasha sasa utaona onyo la hali ya chungwa na kusubiri sekunde 5. Hilo si kosa. Litakaa hapo siku zote butiloda ikiwa wazi.

Si kila simu ina njia hii. Xiaomi wanataka ufungamanishe simu na akaunti yao na usubiri siku kadhaa, ndipo programu yao ya kompyuta ikufungulie. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, kwa hiyo mteja akija na Huawei namrudisha na simu yake. Samsung haina fastboot. Hutumia hali yake ya kupakulia na programu ya Odin, na unachobandika ni faili lote la AP kutoka kwenye mfumo wake. Zaidi ya hapo, simu ya Samsung ikiwaka na mfumo usio wa kiwanda, fyuzi ndogo ya Knox, ulinzi wa Samsung wenyewe, inaungua moja kwa moja. Hata ukirudisha kila kitu, haiponi, na Folda Salama haitafunguka tena kwenye simu hiyo. Mwambie mwenye simu kabla, si baada.

Kubandika na kuandika

Simu ikishawaka upya, washa tena utatuaji wa USB, maana umefutwa. Pakua Magisk kutoka ukurasa wake wa GitHub, ule wa mwandishi mwenyewe, topjohnwu. Tovuti zinazojiita rasmi za Magisk ni nyingi, si zake. Isakinishe kama programu ya kawaida. Kisha peleka faili la boot kwenye simu:

adb push boot.img /sdcard/Download/

Fungua Magisk, gusa Install, chagua kubandika faili, onyesha lile ulilopeleka. Baada ya muda mfupi itakutengenezea faili jipya lenye jina linaloanza na magisk_patched kwenye folda ya Download. Livute kwenye kompyuta kwa adb pull. Kubandika kufanyike kwenye simu hiyohiyo itakayotumia faili, si kwenye ya jirani.

Ukirudi kwenye hali ya fastboot:

fastboot flash boot magisk_patched.img
fastboot reboot

Kwa yenye init_boot, andika init_boot badala ya boot. Simu nyingine hukataa kuwaka mpaka uzime ukaguzi wa vbmeta kwa amri hii, ukitumia vbmeta.img ya kiwandani uliyoihifadhi:

fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img

Usiikimbilie kama haihitajiki. Kuna pia fastboot boot magisk_patched.img, inayowasha simu kwa faili hilo mara moja bila kuliandika. Simu yako ikiikubali, jaribu hivyo kwanza. Simu nyingi huikataa.

Ikiwaka, fungua Magisk. Ikiomba kukamilisha usakinishaji na kuwasha upya, kubali. Halafu hakikisha:

adb shell
su
id

Simu itauliza kama unairuhusu Shell, kubali. Jibu likianza na uid=0, umefika.

Kitu cha kwanza, kabla ya mapambo

Najua unatamani kubadili fonti. Ngoja. Kuna sehemu ndogo za kumbukumbu zinazobeba IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na vipimo vya redio ya simu yako, na hizo hazimo kwenye mfumo wowote utakaopakua, kwa sababu ni za simu yako peke yake. Zikiharibika laini haishiki mtandao. Wakati namba 0 uko mkononi, zinakili. Kwa MediaTek, ukiwa ndani ya su:

dd if=/dev/block/by-name/nvram of=/sdcard/nvram.img
dd if=/dev/block/by-name/nvdata of=/sdcard/nvdata.img
dd if=/dev/block/by-name/protect1 of=/sdcard/protect1.img
dd if=/dev/block/by-name/protect2 of=/sdcard/protect2.img

Zenye Qualcomm ni modemst1, modemst2, fsg na persist; Samsung ni efs. Ukiangalia vizuri, if ni chanzo na of ni panapokwenda. Ukizibadilisha nafasi umefuta kile ulichotaka kulinda. Hamishia mafaili hayo kwenye kompyuta na flashi, na usimpe mtu.

Wakubwa mnakumbuka Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Kuna waliolala na simu wakaamka na tochi. Tangu hapo huja watu wakiniomba "niwabadilishie IMEI". Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalihesabu hilo kosa la jinai. Kurudisha IMEI halisi ya simu kutoka kwenye nakala yake ni ukarabati. Kuweka ya kutunga ni kutafuta mahakama.

Sasa mipangilio

Napenda kuanza na chaji. Betri za litiamu huchoka haraka zikikaa zimejaa 100 kwa saa nyingi, hasa zikiwa na joto, na simu ya mwenye duka huachwa kwenye waya tangu asubuhi hadi usiku. Angalia kwanza kama simu yako ina kikomo cha chaji kwenye mipangilio ya betri. Nyingi mpya zinacho. Kama haina, kuna moduli, yaani nyongeza inayowekwa kupitia Magisk, iitwayo ACC. Pakua faili lake la zip, fungua Magisk, upande wa moduli, lisakinishe, washa upya. Kisha ndani ya su:

acc 80 75

Yaani acha kuchaji ikifika 80, anza tena ikishuka 75. Si kila keneli ina swichi ya kukata chaji. Amri acc -t hujaribu zilizopo na kukuambia. Siku unasafiri kwa treni kwenda Tabora, ruhusu ijae 100. Kikomo ni cha siku za kawaida.

La pili ni bando, na hapa ndipo root inapolipa gharama zake kwa wengi. AFWall+ ni ukuta unaotumia ngome iliyo ndani ya keneli yenyewe. Unapata orodha ya programu zote na visanduku viwili vikuu, cha Wi-Fi na cha data ya laini. Kwa kawaida yake, programu iliyotikiwa ndiyo inayoruhusiwa, nyingine zote zinakatwa. Mimi natiki kisanduku cha data kwa kivinjari, WhatsApp, ramani na huduma za mfumo. Zilizobaki zinasubiri Wi-Fi. Ukiona ghafla hakuna kinachofunguka hata vilivyotikiwa, umesahau kuruhusu sehemu ya mfumo inayotafuta anwani. Tofauti yake na Kiokoa data cha Android ni kwamba kile huzuia programu ikiwa nyuma tu. Hiki hukata hata ukiwa umeifungua.

Matangazo: kwenye mipangilio ya Magisk washa Systemless hosts, washa upya, kisha sakinisha AdAway. Inajaza faili la hosts kwa majina ya seva za matangazo yakielekezwa kusikokuwa na kitu. Ya YouTube hayatoki kwa njia hii, usinipigie.

Ngazi za sauti ni jambo dogo ambalo wanaosikiliza kwa spika za masikioni watakushukuru. Simu nyingi hupanda hatua 15 tu. Ya kwanza haisikiki, ya pili inapiga kelele. Tengeneza faili la maandishi liitwe sauti.sh, ndani yake:

#!/system/bin/sh
resetprop -n ro.config.media_vol_steps 30

Lipeleke /data/adb/post-fs-data.d/ kisha chmod 755 sauti.sh, washa upya. Herufi n isikosekane, na usitumie setprop mahali hapo: hatua hiyo ya kuwaka ikikutana na setprop, simu inasimama kujisubiri yenyewe. Baadhi ya viwanda vimeandika idadi ya ngazi kwingine, basi simu yako haitabadilika; futa faili, hukupoteza kitu.

Sasa kumbukumbu, kwa wenye simu za RAM ya GB 2 au 3. Android hukandamiza data isiyotumika na kuiweka kando ndani ya RAM hiyohiyo. Kiwango cha kupenda kufanya hivyo kinaitwa swappiness. Isome kwa cat /proc/sys/vm/swappiness. Ikiwa 60, jaribu 100:

echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness

Tumia siku mbili. Ukiona programu hazifungwi ovyo, ifanye ya kudumu kwa faili kwenye /data/adb/service.d/, nalo ulipe chmod 755:

#!/system/bin/sh
until [ "$(getprop sys.boot_completed)" = "1" ]; do sleep 5; done
echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness

Mstari wa katikati unasubiri simu imalize kuwaka, maana ukiandika mapema mfumo unakuja kufuta ulichoandika. Muujiza usiutarajie. RAM ya GB 2 ni GB 2.

Mwisho, kasi ya prosesa. Watu huomba niongeze, mimi huwashauri wapunguze. Amri ls /sys/devices/system/cpu/cpufreq itakuonyesha makundi ya viini, kwa mfano policy0 na policy6 kwenye simu yenye viini 6 vidogo na 2 vikubwa. Soma kasi ya juu ya vikubwa:

cat /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy6/scaling_max_freq

Namba iko kwa kilohezi. 2000000 ni gigahezi 2. Ukiandika 1500000 kwa echo kwenye faili hilohilo, simu ya dereva wa bodaboda inayoshinda juani haichemki tena, na kwa simu na WhatsApp hataona tofauti. Simu nyingine zina mlinzi wa joto anayerudisha thamani yake kila dakika. Na wewe huna haja ya kushindana naye.

Fonti, rangi na alama za betri zipo moduli zake. Sina la kuongeza, ila weka moja moja na uwashe upya kila mara. Ukiweka tano kwa mpigo na simu ikagoma, hujui ipi imeiua.

Pesa

Programu za benki na za miamala hukagua kama simu imefunguliwa, na nyingi zitakataa. Magisk ina orodha ya kuficha, DenyList, lakini ukaguzi wa Google wa Play Integrity huangalia na hali ya butiloda, na kila wiki kuna tundu linalofungwa na jingine linalofunguliwa. Sifanyi biashara ya kuahidi watu kuhusu hilo. Msimbo wa USSD haujali root: *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money zitapiga kama kawaida, maana hazipiti kwenye programu. Kama wewe ni wakala na mtaji wako unazunguka kwenye simu, weka laini ya kazi kwenye kiswaswadu na uruti simu nyingine. Na programu yoyote ya tochi, kikokotoo au mpira inayoomba ruhusa ya root, ikatalie na uifute.

Ikiganda kwenye nembo

Tulia. Mara nyingi ni moduli ya mwisho uliyoweka. Zima, washa, na mara michoro ya kuwaka inapoanza shikilia kitufe cha kupunguza sauti mpaka iingie hali salama; Magisk ikiona hali salama huzima moduli zote. Washa tena kawaida, ondoa yenye kosa. Kama haiingii lakini kompyuta ilishakubaliwa na simu zamani:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Hiyo inafuta moduli zote na kuwasha upya. Ikishindikana na hiyo, chukua kafi:

fastboot flash boot boot.img

Faili la kiwandani likirudi, Magisk haiwaki, mkeka umekunjwa, sakafu ni ileile. Data zako zipo. Hii ndiyo amri ambayo yule wa wiki mbili na kiswaswadu hakuwa na faili la kuipa.

Sasisho, na siku ya kuuza

Sasisho la mfumo likija, usilibonyeze ukiwa umeruti. Ama litakataa, ama litafuta root, ama litakwama njiani. Fungua Magisk, chagua kuondoa, kisha Restore Images, sasisha, halafu tafuta boot.img ya toleo jipya na urudie kubandika. Ile ya zamani haifai tena, na kosa langu la mwanzo lilikuwa hilohilo kwa sura nyingine.

Siku ya kuuza, ondoa Magisk kabisa kupitia programu yake, andika mfumo wote wa kiwandani wa toleo lilelile, wacha iwake mpaka kwenye skrini ya kukaribisha. Hapo tu ndipo unaweza kufunga butiloda kwa fastboot flashing lock, nayo itafuta data tena. Ukiifunga ikiwa bado na faili lililobandikwa au vbmeta isiyokaguliwa, butiloda itakataa kuwasha, na safari hii huna mlango wa kupitia kurudisha chochote. Nimepokea simu mbili za namna hiyo mwaka huu. Zote wenyewe waliona wanamalizia usafi. Baada ya kufunga piga *#06#, linganisha tarakimu 15 na zilizo kwenye boksi, weka laini ya mnunuzi, na apige simu moja mbele yako kabla hajakuhesabia hela.